Baba Aliondoka Kabla ya Kengele

Kosa langu la kwanza katika mdahalo, nililolianza nikiwa kidato cha kwanza na kuendelea nalo kwa muda mrefu, lilikuwa kudhani kwamba kazi ya msemaji ni kusema. Nilikariri hotuba zangu neno kwa neno, na mpinzani alipokuwa amesimama nilikuwa nikiyapitia ya kwangu kichwani, nikiogopa yasije yakanitoroka. Yake sikuyasikia. Ninalitaja kosa hilo mapema kwa sababu wiki chache zilizopita lilinifuata mpaka kwenye matanga, na nusura limfanye mzee mmoja azike jambo zito pamoja na mwanawe. Habari ya kifo chenyewe niliipata kwenye kituo cha kununulia chai, nikiwa kwenye foleni na majani ya mama yangu. Kwenye mizani alikuwa karani mgeni. Mama mmoja mbele yangu akamuuliza, "Na karani wetu yuko wapi leo?" Karani akajibu bila kuinua macho, "Kwani hamjasikia? Homa ya mapafu. Alilazwa Kericho juzi, na jana asubuhi wakatuambia ameshatutoka." Mimi nilihisi baridi ikinipanda miguuni, kwa kuwa tulikuwa rika moja, na ugonjwa unaoweza kumwangusha mtu mwenye kifua kipana kama chake sioni ungekwama wapi kwangu.

Marehemu hakuwa rafiki yangu hasa. Tulikuwa wapinzani, na nadhani watu walioketi pande mbili za meza moja hujuana kwa namna ambayo marafiki hawajuani. Baba yake alikuwa ametoka upande wa Kisii kabla ya Uhuru kuja kuchuma chai katika shamba kubwa la kampuni, na mwana alizaliwa humo humo, katika kambi ya wafanyakazi. Mimi ni mtoto wa hapa, wa wakulima wadogo wenye chai kidogo, mahindi kidogo na ng'ombe wa maziwa. Tulikutana katika sekondari ya harambee ambayo madirisha yake yalikuwa bado hayajatiwa vioo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yetu, kwa hiyo kila Ijumaa mchana, siku ya mdahalo, sote tulikuwa wageni sawa. Watu wa kambini walitucheka sisi kwa jinsi tulivyotamka, nasi tukawacheka wao, na mwalimu alituacha tuchekane kidogo halafu akagonga meza.

Mwalimu huyo alikuwa na desturi mbili ambazo sijaziona katika shule nyingine. Ya kwanza, upande hukuuchagua. Ulitia mkono ndani ya kofia yake ukatoa punje ya mahindi: nyeupe unaunga mkono, nyekundu unapinga, hata kama mada inamgusa mama yako. Ya pili tuliiita kurudisha. Kabla hujampinga mwenzako, ulitakiwa kwanza uyarudishe maneno yake kwa kinywa chako, vizuri, kisha umwulize, "Ndivyo?" Asipokubali kwa kichwa, unarudia. Mtunza saa hakuanza kuhesabu wakati wako mpaka mwenzako akubali. Wengi tuliichukia desturi hii. Mimi niliichukia kuliko wote, kwa sababu ilinilazimu kusikiliza, na kila zamu iliponifikia nilirudisha kitu kisichofanana hata kidogo na kilichosemwa, nikarudia na kurudia mpaka darasa likalala.

Ikaja siku ya wazazi. Mada ilisema kwamba kazi ya shamba la chai ni bora kuliko kazi ya ofisini. Mimi nilitoa punje nyeupe, yeye akatoa nyekundu. Wiki nzima nilikariri hotuba yangu nikichuma chai asubuhi, kwa sauti, nikiihutubia miti ya chai kana kwamba ni waheshimiwa. Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Wazazi wetu walikaa upande mmoja, watu wa kambi upande wa pili, na katikati yao njia ambayo hakuna aliyeamua iwepo. Nilisimama. Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, katibu, mtunza saa, wazazi wetu." Halafu basi. Hakukuwa na kitu. Nilitafuta sentensi ya kwanza nikakuta ukuta. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo ameisha! Mpeni maji!" Mwingine akasema, "Si maji, mpeni maziwa, ni wa kwetu huyo." Nilikaa chini huku ukumbi ukitikisika kwa kicheko, nikiwa na hakika kwamba sitaweza tena kutembea njia ya sokoni mchana.

Yeye akasimama. "Bwana Mwenyekiti," akasema, "sheria inanitaka nirudishe maneno ya mwenzangu." Mwenyekiti akamwambia, "Sema yako tu. Mwenzako hajasema kitu." Akajibu, "Amesema, Bwana Mwenyekiti. Wiki nzima amekuwa akisema kule shambani kwao. Mimi napita njia hiyo kila asubuhi. Hata ng'ombe wao sasa wanaunga mkono hoja." Watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko hakikuniuma. Kisha akaitoa hotuba yangu. Alisema kwamba mwenye shamba hakoseshwi usingizi na barua ya kuachishwa kazi, kwamba chai huchumwa mwaka mzima wakati mahindi yanalala, kwamba mtoto anayejua kuchuma hawezi kulala njaa katika nchi hii. Aliyapanga vizuri kuliko nilivyoyapanga. Akanigeukia akauliza, "Ndivyo?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ndipo akaanza kunipinga, na hapo ndipo masikio yangu yalipoziba. Niliinama, nikawa narudia kichwani sentensi ile iliyonitoroka, ambayo sasa ilikuwa imerudi bila haya. Nakumbuka tu benchi likiburutwa upande wa watu wa kambi, na mzee mwenye koti la kahawia akitoka nje.

Mimi niliacha shule mwaka uliofuata, baba alipofariki, nikajifunza yaliyobaki kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na kamusi ya kuazima isiyo na jalada. Yeye alimaliza kidato cha nne akawa karani wa kituo chetu cha kununulia chai. Nilidhani mdahalo ulikuwa umekwisha maishani mwetu sote wawili, mpaka jioni moja ya mvua, lori la kiwanda cha chai lilipokwama kwenye matope. Ambaye hajawahi kulingoja lori hilo hawezi kujua hofu yake. Majani yakikaa guniani yanapata joto, na yakishapata joto yanabadilika rangi, na majani mekundu hayapokelewi. Lori lilipotokea giza lilikuwa linaingia, na karani alianza kuyakataa magunia moja baada ya jingine, akieleza kila mara kwa nini. Watu walimzunguka. Wengine walikuwa bado na panga za kupogolea mikononi. "Huyu anakula na watu wa kiwanda!" alisema mmoja. "Arudi kwao!" Neno hilo likapokewa na mwingine, na mwingine. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo. Nilijua yanavyoanza mambo haya.

Yeye hakupaza sauti. Alimtazama mzee aliyekuwa amekasirika kuliko wote, mtu wa ukoo wetu, akamwambia, "Mzee, kabla hujanipiga, hakikisha nimekusikia. Unasema majani umechuma leo asubuhi, yalikuwa mazuri, lori ndilo limechelewa, na hasara imekuangukia wewe. Ndivyo?"

"Si hivyo tu!" mzee akafoka. "Hata juzi ilichelewa, na wewe ukanyamaza!"

"Na hata juzi lilichelewa, nami nikanyamaza. Ndivyo?"

Mzee akasema, "Ndivyo."

"Sasa na wewe rudisha yangu."

"Mimi si mtoto ya shule," mzee akasema, na watu wakaanza kucheka kidogo. Mama mmoja mwenye kikapu akamchokoza, "Rudisha bwana, ama hukusikia? Tunanyeshewa." Mzee akakohoa, akageukia umati. "Anasema… anasema akipakia hii nyekundu, kiwanda itarudisha lori yote. Hata ya huyu mama." Kisha akalitazama gunia lake, kama mtu aliyejisikia mwenyewe akisema. Usiku ule waliyachambua majani pale pale kwa mwanga wa taa za lori, mazuri yakapakiwa, na kesho yake mzee na karani wakaenda pamoja kiwandani kuuliza kwa nini lori moja linahudumia vituo vingi kiasi hicho. Nilikuwa nimeona kitu nilichokichukia shuleni kikimwokoa mtu.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nilipokwenda kumpa pole baba yake, karibu na Roret. Mwana alikuwa amemtoa kambini miaka michache iliyopita, akamweka kwenye kiwanja kidogo chenye nyumba ya mabati na mgomba nyuma. Mlangoni palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, kizuri, kinachong'aa, na hakikuwa na mtu. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani. Mgongo wake umepinda kama wa watu wote waliobeba kikapu maisha yao yote.

"Wewe ndiye ulikuwa upande ule mwingine," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Siku ile mimi nilikuja na koti. Niliazima. Nikamsikia anasema, mimi sitaki mgongo wa baba yangu. Mbele ya watu wa kambi yetu wote. Nikatoka." Alikuwa akipangusa magoti yake yasiyokuwa na vumbi. "Sikumuuliza. Utamuuliza mtoto wako neno kama hilo? Halafu akapata kazi. Akanitoa kambini akanileta hapa, mbali. Akaninunulia hiyo kiti. Watu wanasema, mzee, una bahati. Mimi najiuliza, ananiweka nyumba nzuri, ama ananificha?" Akainua macho. "Alimaliza namna gani, kijana wangu? Baada ya mimi kutoka."

Wasomaji wa safu yangu ya kila wiki gazetini wanajua kwamba mimi ni mwoga, na sijawaficha. Naogopa makosa ya chapa, naogopa barua za wasomaji, naandika aya moja mara nyingi mpaka karatasi inatoboka. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya mzee yule, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi mno. Mimi ni mtu wa maneno. Ningeweza kumtungia mwisho mtamu pale pale, akalia, akafarijika, na hakuna ambaye angenikamata, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kunikosoa alikuwa amelala kwenye jeneza. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Kisha nikafikiri, kama nitamwekea marehemu maneno yangu kinywani, yeye aliyenitolea yangu bila kupunguza hata moja, nitakuwa nimemfanyia nini?

"Sijui, baba," nikasema. "Sikuwa nikisikiliza."

Hakukasirika. Alisema tu, "Na wewe ndiye ulikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote." Nilipokuwa naaga akaniita tena. "Mazishi ni Jumamosi. Kama utajua, uniambie mbele ya watu. Niliondoka mbele ya watu."

Siku zilizobaki sikulala vizuri. Mwalimu alishahamia mbali na hakuna aliyejua anuani yake. Waliokuwa ukumbini niliowauliza walikumbuka tu jinsi mimi nilivyokwama, na walikumbuka kwa furaha. Mwishowe nikamkumbuka mtunza saa, msichana wa darasa letu aliyekaa na kengele, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mogogosiek. Nilimkuta akisahihisha chini ya ukingo wa paa, mvua ikipiga mabati. Njiani nilikuwa nimeogopa kwamba hatakumbuka, na nilipomwona nikaogopa kwamba atakumbuka, na kwamba mwisho utakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nani alisema mvulana wa kidato cha pili lazima awe amesema jambo jema? Punje yake ilikuwa nyekundu. Alitakiwa kushinda.

"Nakumbuka kila neno," akasema.

"Una hakika? Ni zamani."

"Wewe, usinitilie shaka kama mkaguzi wa shule. Wakati wake ulikwisha nikiwa nimeinua kengele. Nikashindwa kuipiga. Mwalimu akanigombeza, akasema nimeiba dakika, na upande wake ukakatwa alama ukashindwa. Ulishinda wewe uliyenyamaza, hulikumbuki hata hilo? Mtu akiadhibiwa kwa maneno, hayasahau." Akaniambia maneno yenyewe. Nikayarudisha. Akatikisa kichwa kukataa. "Umepamba. Hakusema 'mzazi wangu mpendwa'. Alisema 'baba'." Nikarudia. "Na umeruka kiti." Nikarudia tena, mpaka akasema, "Ndivyo," nami nikaondoka nikiwa nimeyashika kama mtu aliyebeba maziwa kwenye kibuyu kisicho na kifuniko.

Huwa nasikia wazazi wakilalamika kwamba mdahalo unawafundisha watoto kujibishana na wakubwa. Siku hizi shule nyingine zimeuondoa kabisa, Ijumaa mchana imekuwa ya mazoezi ya mitihani, na hakuna aliyelia. Mimi jambo hili linanitisha. Tumeishi watu wa mahali pengi juu ya vilima hivi, tukichumia mizani moja, na bado katika kila mkutano kuna njia ile ya katikati ambayo hakuna aliyeamua iwepo. Watoto wetu wataijaza na nini? Anayejua kusema tunaye kila kona, na kadiri siasa zinavyopamba moto ndivyo anavyozidi kupatikana. Anayeweza kusema hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali, nilimjua mmoja, na tulikuwa tunamzika Jumamosi.

Siku hiyo mvua ilinyesha asubuhi kisha ikakatika. Wakulima wa kituo walikuja wengi, na yule mzee aliyetaka kumpiga alikuja na kibuyu cha maziwa akasimama karibu kabisa na jeneza. Kiti cha mbao kilikuwa kimetolewa mlangoni, akakalishwa mchungaji juu yake. Baba wa marehemu alikaa kwenye benchi. Nilipoitwa, nilisimama. Sikuwa na karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nimekariri chochote cha kwangu. Nilimgeukia baba wa marehemu, si watu.

"Baba," nikasema, "wewe ulimsikia akisema, mimi sitaki mgongo wa baba yangu. Ukatoka. Ndivyo?"

Watu walinong'ona. Mzee akasema, "Ndivyo."

"Baada ya wewe kutoka alisema hivi. 'Sitaki mgongo wa baba, kwa sababu baba ameinama ili mimi nisimame. Nami nikiinama palepale, nitakuwa nimemfaa nini? Nataka kazi ya ofisi, ili siku moja nimwite baba atoke kambini. Nimpe kiti chake mwenyewe, akikalie mlangoni. Amewachumia watu chai. Siku hiyo chai ataletewa.'"

Hakukubali kwa kichwa. Kwa mbali ng'ombe alilia, na nikafikiri, nimeharibu, nimeongeza neno, nimepunguza neno. "Rudia hapo kwa kiti," akasema. Nikarudia. "Alisema mlangoni?" "Alisema mlangoni, baba." Mzee akasimama. Alitembea polepole kupita mbele ya jeneza la mwanawe mpaka kwa mchungaji, na mchungaji, ambaye hakuwa ameelewa kitu, aliinuka tu. Mzee akakikamata kiti kwa mikono yake yote miwili, akakikalia, akaegemeza ule mgongo. Kisha akanitazama, akakubali kwa kichwa.

Kabla ya kuipeleka safu hii gazetini niliichukua mpaka Roret nikamsomea yote, yeye akiwa kitini mlangoni, na alinisahihisha mahali pawili. Bado naogopa kusimama mbele ya watu, na nadhani nitaogopa siku zote. Lakini sikariri tena. Mtu akianza kusema, nakaa mpaka amalize.